Kwanza Niambie Wao ni Nani

Kwetu Tanga mtu hakopeshwi kabla hajajulikana. Huo ndio utaratibu niliokulia. Mama yangu alicheza upatu tangu sijaanza shule, na kabla mwanamke mpya hajaingizwa katika mchezo, kijumbe alipita nyumba hadi nyumba akiuliza. Anakaa kwa nani? Huamkianaje na majirani zake? Jirani akifiwa, yeye huonekana? Swali la fedha lilikuja mwisho, na mara nyingine halikuja kabisa, kwa kuwa majibu ya maswali ya mwanzo yalikwisha kulitosheleza. Fedha ilifuata kujuana, haikutangulia.

Nayasema haya mapema ili msomaji anielewe ninapokiri kwamba nikiwa mtu mzima, mbali na kwetu, niliingia katika umoja wa wakopeshaji ambamo mambo yalikwenda kinyume. Huko fedha ilitangulia, na kujuana kukafuata baadaye. Ilinichukua zaidi ya miaka miwili, na aibu moja ambayo bado naikumbuka, kutambua kwamba hata huko kujuana kwenyewe kulikuwa kwa upande mmoja.

Mwaka 2011 nilikuwa Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu yangu ilikuwa ya usiku. Anayetaka kujua upweke ni nini na akakeshe mahali kama pale mwezi wa Januari. Theluji imefunika magari, wazee wamelala, nawe umekaa ofisini mbele ya kompyuta ukingoja kengele ilie. Usiku mmoja mfanyakazi mwenzangu alinionyesha kwenye kompyuta hiyo picha ya mwanamke wa Peru aliyesimama kando ya magunia ya viazi. Akaniambia, "Huyu nimemkopesha dola 25." Nikamwuliza, "Unamjua?" Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

Jambo lenyewe halikuwa geni duniani. Mwaka 1976 Profesa Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, jumla ya dola 27 kutoka mfukoni mwake, na kutokana na mbegu hiyo ikaota Benki ya Grameen, ambayo pamoja naye ilipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Lakini Yunus aliweza kwenda Jobra kwa miguu yake na kukaa na wale watu. Jipya lilikuja mwaka 2005, pale Matt Flannery na Jessica Jackley walipoanzisha Kiva huko San Francisco, ili mtu aliye popote aweze kumkopesha mtu aliye popote kwa njia ya intaneti. Wakopaji wao wa kwanza walikuwa saba, wote wa Tororo, mashariki ya Uganda, na mikopo yao ilijumlika dola 3,500. Wenyewe husema jina la Kiva ni la Kiswahili na kwamba maana yake ni umoja au mapatano. Mimi nilipolisikia nilikumbuka kuiva, kwani kwetu watu wasiopatana husemwa kwamba haziivi baina yao. Kitu huiva kwa moto na kwa muda, na watu ni hivyo hivyo.

Mtandao niliojiunga nao mimi ulikuwa wa aina hiyo. Sitautaja jina, maana ninayosimulia ni habari za watu na si za kampuni. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Unatazama picha, unasoma maelezo mafupi ya mkopaji, unatoa dola 25 au zaidi. Fedha hupitia taasisi ya mikopo iliyoko katika nchi yake, naye huirejesha kidogo kidogo kila mwezi. Mkopeshaji hapati riba. Hurudishiwa fedha yake ile ile, akitaka aitoe, akitaka amkopeshe mwingine.

Wakopeshaji walijigawa katika vikundi. Wako waliokusanyika kwa dini, wengine kwa nchi, wengine kwa mapenzi ya paka. Mimi nilijiunga na kikundi cha watu wafanyao kazi za usiku. Tulikuwa kumi na mmoja. Alikuwamo nesi wa Galway, Ireland, aliyekaribia kustaafu. Alikuwamo dereva wa lori wa Alberta, Kanada, mwoka mikate wa Leipzig, Ujerumani, mlinzi wa ghala moja huko Melbourne, Australia, na kijana wa Toronto aliyekuwa akisomea udaktari. Tulikuwa tukiandikiana saa ambazo watu wengine wamelala. Wengine wetu hata usiku wetu haukukutana, kwani usiku wa Melbourne ni mchana wa Galway, lakini kila mmoja alijua mwenzake anazungumza na mtu anayefahamu uzito wa macho saa kumi za alfajiri.

Kwa miaka miwili tulidhani tunajuana. Nilijua kwamba mwoka mikate hakopeshi ila wanaolima au kusaga nafaka. Nilijua kwamba nesi hupenda wakopaji wanaocheka katika picha, na kwamba dereva huchagua wenye vyombo vya usafiri, awe mtu wa bodaboda au wa mkokoteni wa punda. Siku mzee mmoja niliyempenda alipofariki mikononi mwangu, wao ndio niliowaambia kabla ya mtu yeyote. Walinipa pole nzuri kuliko zile za ofisini. Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Kisha, mwezi wa Februari 2013, nikafungua ukurasa wa wakopaji wapya wa Tanzania, nikaona uso ninaoujua.

Alikuwa Mama Mdogo. Si mdogo wake mama yangu kwa damu. Ni rafiki yake, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapo Ngamiani, aliyetupikia wakati mama alipolazwa, na aliyenichapa viboko viwili mbele ya watu nilipoiba embe. Alikuwa akinunua samaki mnadani Deep Sea alfajiri, akiwakaanga na kuwauza jioni barazani. Katika picha alisimama kando ya karai lake, amejifunga khanga yake vizuri, hacheki. Maelezo yalisema kwamba ana miaka 54 na watoto wanne, kwamba mume wake hana kazi, na kwamba anaomba dola 875 ili anunue jokofu la kuhifadhia samaki. Chini yake palikuwa na majina ya wakopeshaji waliokwisha kuchangia, na kati yao alikuwamo nesi wangu wa Galway.

Msomaji, nilishikwa na haya kana kwamba nimemchungulia mtu mzima dirishani. Mume wake, Baba Mdogo, alipatwa na kiharusi mwaka 2010. Mtaani kwetu watu walisema "amepumzika," na neno hilo lilikuwa limewekwa kwa uangalifu, ili yeye abaki mtu mwenye nyumba. Sasa watu wa mabara matano walikuwa wanasoma kwamba hana kazi. Hakuna aliyesema uongo, lakini jambo ambalo majirani zetu walikuwa wamelifunika kwa miaka mitatu lilikuwa limefunuliwa kwa mistari miwili.

Nilitoa dola 25 kwa jina langu la mtandaoni, ambalo si jina la nyumbani, nikanyamaza. Sikumpigia simu Mama Mdogo kumweleza kwamba nimeona. Sikuwaambia wenzangu kwamba huyu ninamjua. Nilijipa sababu kwamba ninalinda heshima yake. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mahali ambapo ninaona na sionekani.

Marejesho yake yalifika kila mwezi hadi Septemba. Mwezi wa Oktoba hayakufika, wala Novemba. Mapema Desemba dereva wa Alberta aliandika kwa ukali kwamba hayo ndiyo matatizo ya kukopesha wauza vyakula, kwamba fedha imeliwa. Mlinzi wa Melbourne akashauri kikundi kiache kukopesha Tanzania kwa muda. Nesi wa Galway alisema labda amefiwa. Kijana wa Toronto akasema katika picha ile alikuwa haonekani mtu wa kuaminika, maana hakucheka.

Hapo ndipo aibu iliponikaba. Nilikuwa na mambo mawili tu ya kufanya, na yote mawili yalikuwa mabaya. Nikinyamaza, mama aliyenilea atasemwa kuwa ni tapeli na watu wasiomjua. Nikisema, nitaeleza kiharusi cha Baba Mdogo na unyonge wa nyumba yao, ili kuwaridhisha watu hao hao. Nilikesha na jambo hilo siku tatu. Mwishowe nikafanya lile nililopaswa kufanya mwezi wa Februari. Saa sita ya usiku ya Columbus ni saa mbili asubuhi Tanga, nikampigia.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi imeanza?"

Nilimweleza yote, kuanzia picha. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba afisa mikopo alimpiga picha kweli, na karatasi alitia saini, akaambiwa ni kwa ajili ya wafadhili. Yeye alidhani picha itawekwa katika faili. Akaniuliza, "Na hapo nilipo nimevaa khanga gani?" Nikamwambia. Akasema, "Afadhali. Ile ni nzuri."

Habari ya deni ilikuwa fupi. Usiku mmoja wa mwishoni mwa Septemba umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa nguvu isiyo ya kawaida, kompresa ya jokofu ikaungua. Ndani mlikuwa na kilo 40 za samaki. Alipogundua asubuhi aliwakaanga waliokuwa bado wazima na kuwagawa mtaani kabla hawajaharibika, waliobaki akawatupa. Mtaji ukaenda na samaki.

Nikamwuliza, "Mama Mdogo, niwaambie hivyo?"

Akajibu, "Wao wanajua umri wangu. Wanajua nina watoto wanne. Wanajua baba yako hatoki nyumbani. Mimi sijui hata mmoja wao. Kwanza niambie wao ni nani."

Nilianza kumjibu. Nikasema yuko nesi wa Ireland. Akauliza, "Ana watoto?" Sikujua. Nikasema yuko dereva wa lori. "Mbona ana hasira na fedha ndogo kama hiyo, amepatwa na nini?" Sikujua. "Huyo mwoka mikate, tanuri ni la kwake au la tajiri?" Sikujua. Kila swali alilouliza lilikuwa swali ambalo kijumbe wa upatu angeliuliza kabla hajaandika jina la mtu daftarini, nami kwa miaka miwili na zaidi sikuwa nimemwuliza yeyote. Nilijua wanachopenda, na nilijua saa wanazokesha, lakini sikujua wanaishije.

Basi usiku ule niliwaandikia wenzangu. Niliwaambia kwamba mwanamke wa Tanga ninamfahamu tangu utoto, kwamba nilificha jambo hilo na ninaomba radhi, na kwamba yuko tayari kueleza sababu ya kuchelewa, lakini kwanza anataka kujua wakopeshaji wake ni watu gani. Nikaandika maswali yake kama alivyoyauliza. Nikajibu mimi wa kwanza. Nilisema kwamba nimeacha mtoto Tanga analelewa na dada yangu, kwamba ninamtumia fedha badala ya mimi mwenyewe, na kwamba pengine ndiyo sababu kukopesha watu wa mbali kumenifaa sana.

Siku mbili hakuna aliyejibu. Mtu mmoja akaandika kwamba hakujiunga na kikundi ili aulizwe maswali na wadeni, akatoka, na sikumsikia tena. Simlaumu. Alikuja kutafuta kitu kingine.

Kisha nesi wa Galway akajibu kwa ukurasa mzima. Hakujaliwa mtoto. Mama yake alikuwa akichukua vitu dukani kwa kuandikiwa katika daftari la mwenye duka, na kila Jumamosi yeye, akiwa msichana mdogo, ndiye aliyetumwa kwenda kuomba waongezewe wiki moja. Alisema anawapenda wakopaji wanaocheka kwa sababu yeye pale dukani alilazimishwa kucheka. Baada ya kuandika hayo alijiuliza kama ni haki kupenda hivyo.

Mwoka mikate alisema tanuri ni la benki, litakuwa lake baada ya miaka sita, Mungu akipenda. Kijana wa Toronto alitaja deni lake la masomo, nasi tulipojumlisha tukaona linazidi mikopo yote ambayo kikundi chetu kilikuwa kimetoa tangu kuanzishwa. Wa mwisho alikuwa dereva. Alisema kwamba mwaka 2009 benki ilichukua nyumba yake, na kwamba kwa miezi saba alilala ndani ya lori, akiwaambia jamaa zake kwamba ana safari nyingi. Fedha hizo za kukopesha ndizo za kwanza alizoweza kuweka kando baada ya hapo. Aliandika, "Mwambie sina hasira naye. Naogopa tu."

Nilipompigia Mama Mdogo safari ya pili nilikuwa nimeandika majibu yote katika karatasi, nikayatafsiri moja moja. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza posa. Aliposikia habari ya nesi alisema, "Maskini, mtoto hatumwi kukopa." Aliposikia deni la kijana wa udaktari alicheka mpaka akakohoa. "Deni lake lanizidi mimi mara ngapi? Naye ananikopesha!" Kuhusu dereva hakucheka. Alisema, "Mwambie pole. Mtu aliyenyang'anywa nyumba ana haki ya kuiogopea fedha yake."

Halafu akaniambia nilichokuwa sikijui. Wanawake wenzake wa upatu, kumi na wawili kwa jumla, kila mmoja akitoa shilingi 50,000 kwa mwezi, walikuwa wamekaa na kijumbe wakaamua kumbadilishia zamu. Zamu yake ilikuwa Aprili, wakampa ya Januari, na mwenye Januari akakubali kungoja. Angepokea shilingi 600,000. Kati ya hizo, 420,000 zingelipa miezi mitatu aliyobaki nyuma, na 180,000 zingekuwa mtaji wa kuanza tena na samaki, bila jokofu. "Waambie," alisema, "deni lao litalipwa na wanawake wasiowajua."

Nikawaambia hayo yote kwa idhini yake. Wenzangu walishangaa kuliko nilivyotazamia. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wakidhani kwamba mkopaji ni mtu mmoja aliyesimama peke yake, kama alivyo katika picha. Hawakujua kwamba nyuma yake wapo wengine ambao hawakupigwa picha, ambao ndio dhamana yake halisi. Maswali yakaanza kutoka upande wao. Je, asiyelipa upatu hufanywa nini? Je, anayepokea kwanza hawezi kukimbia? Nikapeleka maswali Tanga, na kijumbe mwenyewe akajibu kwamba anaweza kukimbia, lakini atakimbilia wapi ambako hatafiwa?

Mama Mdogo naye alikuwa na swali lililonipa shida. Kila mwezi alilipa shilingi 140,000. Kwa miezi kumi na miwili hizo ni 1,680,000, na alichopokea kilikuwa 1,400,000. Nilipomwambia kwamba sisi hatuchukui riba hata senti, alinyamaza kidogo akasema, "Basi hizo 280,000 za juu ninamlipa nani?" Nikamweleza kwamba taasisi ina ofisi, ina mishahara, ina afisa anayepanda pikipiki kufuata marejesho madogo madogo mtaa kwa mtaa, na kwamba mkopo mdogo hugharimu kuusimamia karibu sawa na mkubwa. Alielewa, kwani yeye ni mfanyabiashara. Lakini alisema, "Ungeniambia mapema. Nilikuwa nikiwalaumu ninyi."

Nami nilikuwa na langu la kujifunza katika hesabu hiyo. Fedha zake alizipokea Januari, na jokofu lilikuwa limekwisha nunuliwa siku ile nilipomwona katika picha. Dola zetu zilikwenda kuirudishia taasisi fedha iliyokwisha kutoka. Jambo hilo halikuwa siri kwa wasomaji makini. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani David Roodman alikuwa ameandika kwamba hata kwa Kiva mikopo mingi hutolewa kabla picha haijawekwa, na Kiva nao wakarekebisha maelezo yao kwa wakopeshaji. Utaratibu huo una maana, kwa kuwa mwenye shida hawezi kungoja hadi watu ishirini na tisa wa dunia nzima wapendezwe na uso wake. Lakini mimi nilikuwa nimejiona kama mtu aliyemshika mkono Mama Mdogo, kumbe alikuwa amekwisha kusimama.

Januari 2014 alilipa miezi mitatu kwa pamoja, na la mwisho akalilipa Februari. Hakukopa tena kwa njia ile. Jokofu lilitengenezwa mwaka uliofuata na fundi wa mtaani, akalipwa kwa samaki.

Kuhusu kikundi chetu, tulibaki kumi, na tulibadilika. Tuliendelea kukopesha, lakini hatukusema tena juu ya mtu kutokana na uso wake. Kila mara mmoja alipotaka kutoa hukumu juu ya mkopaji aliyechelewa, mwingine aliandika maneno ya Mama Mdogo niliyowafundisha kwa Kiswahili, "wao ni nani," na mambo yakatulia. Dereva akawa ndiye mtetezi mkubwa wa wanaochelewa. Tulianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe mambo ambayo watu huulizana majirani: umepata dawa, mtoto amefaulu, mwenye nyumba amekubali kungoja? Wala sisemi kwamba tulifanana na upatu. Hakuna aliyeweza kuja kukaa na mwingine msibani. Lakini walau kila mmoja alijua mlango wa mwenziwe uko upande gani.

Na Mama Mdogo hakuwasahau. Majina yao yalimshinda, kwa hiyo aliwapa ya kwake. Nesi akawa Mama wa Ailendi, na wengine wakawa Dereva, Mwoka Mikate, na Daktari Mwenye Deni. Nilipokwenda nyumbani Desemba 2014 aliniuliza habari zao kabla ya kuniuliza zangu.

Alifariki mwaka 2019, ghafla, baada ya sala ya alfajiri. Niliwaandikia wenzangu kutoka kazini. Walikuwa wamebaki tisa pamoja nami, na Daktari Mwenye Deni alikuwa sasa daktari kweli, mwenye deni vilevile. Waliniuliza kwetu watu hufanya nini. Nikawaeleza rambirambi, kwamba ni fedha au chakula kinachotolewa kwa wafiwa, ambacho hakidaiwi, ila huandikwa, ili siku ya msiba wako nawe ukumbukwe. Mwoka mikate alisema ni mara ya kwanza tangu ajiunge kusikia habari ya fedha isiyongojewa kurudi. Nesi akamjibu kwamba hakusoma vizuri, inarudi, ila hakuna anayeijua tarehe.

Walinitumia, nami nikaituma Tanga kwa simu. Nilifika nyumbani siku ya arobaini. Jioni, watu walipopungua, binti wa marehemu alinionyesha daftari la rambirambi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majirani wa Ngamiani, kisha wanawake wa upatu, kisha wachuuzi wa Deep Sea. Baada yao, kwa mwandiko ule ule na wino ule ule, alikuwa ameandika: Mama wa Ailendi. Dereva. Mwoka Mikate. Daktari Mwenye Deni. Mlinzi. Na wengine watatu.

Akaniambia, "Sikujua majina yao ya kweli, nikaandika kama mama alivyokuwa akiwaita. Je, nimekosea?"

Nikamwambia hakukosea. Kisha akachukua kalamu akaniuliza kila mmoja wao anakaa wapi, na kama wazazi wao wako hai, ili ajue.